Baiskeli, Vuli ya Kihanga na Mahari ya Mwali Wetu

Mmenizoea kwa mishono: mara shela la biharusi, mara namna ya kukata dera lisibane kwapani. Leo nakutoeni nje kidogo, ingawa najijua, mwisho nitarudi kwenye pindo na lastiki. Nataka kukuelezeni raha ya kupanda baiskeli huku Kihanga wakati wa vuli, na maneno yaliyozuka katika ukoo wetu mwaka huu kwa sababu ya raha hiyo hiyo.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Karagwe, mkoa wa Kagera. Huu mwaka wa nane. Kutoka kwetu mpaka huku ni boti hadi Dar es Salaam, kisha basi linalovuka nchi nzima kuelekea mipaka ya Rwanda na Uganda. Mtu wa kisiwani akifika, kitu cha kwanza kinachomshangaza ni baridi. Ziwa Victoria lenyewe maji yake yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Karagwe viko juu zaidi ya ziwa. Cha pili ni jua. Saa zetu ni zile zile za Tanzania, lakini tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua la huku linachomoza kama nusu saa baada ya la Unguja. Mama akinipigia simu ameshasali Alfajiri na ameshakunywa chai, mimi bado nasubiri adhana.

Kila nikienda nyumbani lazima mtu aniulize, "Huko kuna Waislamu?" Wapo, alhamdulillah, misikiti ipo na vyuo vipo. Na watu wa pwani hawakuanza na mimi kufika. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilikuwa ikija Karagwe kwa miguu, wakawa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange yalipokuwa makao ya Mfalme Rumanyika. Speke, yule Mwingereza aliyeanzia safari yake Zanzibar mwaka 1860, alipokewa na Rumanyika mwaka 1861. Miezi na miezi kwa miguu. Mimi nalalamika basi.

Sasa vuli. Ulaya na Marekani ya kaskazini, miezi ya Septemba mpaka Novemba ndiyo ya majani kugeuka rangi na kupukutika, na watu hutoka na baiskeli zao kwenda kutazama miti iliyokuwa ya dhahabu. Huku tuko karibu na ikweta, majani hayana habari hiyo. Vuli yetu ni kinyume chake, ni wakati wa kuota. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti huacha vilima vimekauka, rangi ya ngozi ya simba, na vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, hata kwenye majani ya migomba na kwenye nguo zangu nilizotundika mlangoni kwa wateja. Mvua ya vuli ikipiga mara mbili tatu, vumbi lote linaoshwa. Watu wanatoka na majembe kupanda maharage chini ya migomba. Vilima vinavaa kijani.

Na kahawa inachanua. Hapo naomba nikae kidogo. Karagwe ni nchi ya kahawa, robusta zaidi, na nyumba nyingi zina mibuni yao imechanganyika na migomba. Wakati wa ukame mbuni hukaa na vifundo vya maua vimefumba, unasubiri. Ikinyesha mvua ya kutosha, baada ya wiki moja hivi maua yanafunguka yote kwa pamoja, meupe, yamejipanga kwenye tawi utasema mtu kakaa akayatunga kikuba. Na harufu yake, dada zangu, ni asumini. Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa nafagia uani, nikasimama na fagio langu mkononi nikamwita mume wangu, "Nani anaoa hapa jirani?" Maana kwetu harufu ile ni ya biharusi, haina maana nyengine. Akacheka, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Maua hayo hayakai. Siku mbili tatu yamenyauka yamekuwa ya kahawia. Kwa hiyo hakuna kupanga siku. Asubuhi ukifungua mlango ukaisikia harufu, ndiyo siku yenyewe. Siku hiyo duka langu linafunguliwa saa nne, na wateja wangu wameshajua.

Tunakwenda wanawake watatu: mimi, wifi yangu, na binti wa shemeji yangu, ambaye ananiita mama mdogo na ndiye mwali wa habari hii. Yeye anasomesha watoto chuoni. Tukishasali Alfajiri tunasubiri papambazuke vizuri, tunasoma ile dua ya kupanda chombo iliyomo katika Suratu Zukhruf, ambayo wengi tunaiachia ndege na gari wakati maana yake inaenea kwenye kila chombo Mwenyezi Mungu alichotudhalilishia, na tunatoka. Barabara ya lami ya kutoka Kyaka kwenda Omurushaka ina malori na mabasi yanayokimbia, ile tunawaachia wenyewe. Sisi tunashika njia za udongo zinazopita juu ya vilima.

Juu kule asubuhi ya vuli mabonde yote yamejaa ukungu mweupe, na vichwa vya vilima vimetokeza juu yake kimoja kimoja. Wifi yangu anaona ukungu. Mimi naona bahari na visiwa, na nakuambieni kweli, mwaka wa kwanza niliwahi kulia pale juu kwa kukumbuka kwetu. Siku hizi sililii. Nimesimama naangalia kisiwa kipi kinafanana na Tumbatu. Jua likipanda, ukungu unaanza kuchanika, unaona paa la bati linang'aa, kisha shamba, kisha ng'ombe wenye zile pembe ndefu za ajabu. Halafu wanaanza kupita wanaume wanaosukuma baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi mitatu minne, wameinama mlimani jasho linawatoka. Tunawapisha na tunasalimiana. Baiskeli ya kwao ni punda. Ya kwetu asubuhi ile ni raha tu, na mtu asione haya kulisema hilo.

Mwezi wa Novemba huja senene. Usiku wanafuata taa, watu wanawatega kwa taa kali na mabati, lakini asubuhi na umande unawakuta pia kwenye majani, hawana nguvu za kuruka. Basi tukirudi kila mmoja ana chupa ya maji imejaa senene. Najua kuna mtu Michenzani hapo ameshakunja uso. Waislamu wa huku wanawala kwa kuwaweka katika hukumu ya nzige, na nzige na samaki ni vitu viwili tulivyohalalishiwa bila ya kuchinja. Wanatolewa mbawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Mimi nilichukua miaka miwili kumtia wa kwanza mdomoni. Sasa nawanyang'anya watoto.

Mambo machache ya njiani kwa atakayejaribu. Udongo mwekundu ukilowa unanata, unajaa katikati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, kwa hiyo tunabeba kijiti cha kukwangulia. Kwenye mteremko, breki ya nyuma ndiyo ianze. Ukiminya ya mbele peke yake kwenye utelezi, gurudumu la mbele litateleza uanguke. Na mvua za huku nyingi hunyesha mchana, kwa hiyo asubuhi ndiyo yetu, baada ya Adhuhuri usiniite.

Haya, nguo. Najua ndilo swali la kwanza kwa wengi wenu, kwa sababu hata mimi mume wangu aliponiambia atanifundisha baiskeli, katikati ya migomba nyuma ya nyumba watu wasituone, nilimjibu, "Na buibui hili?" Buibui letu la kawaida lina maadui wawili kwenye baiskeli. Mmoja ni mnyororo, wa pili ni spoki za gurudumu la nyuma. Likiwa pana sana chini linaingia kwenye mnyororo. Likiwa jembamba, ukipiga padeli linapanda mpaka gotini. Mafundi wengi wanadhani dawa ni mpasuo wa pembeni. Sio dawa. Mpasuo unafunguka na upepo na stara imeondoka.

Ninavyokata mimi: urefu unaishia vidole vinne juu ya kifundo cha mguu, na ndani kuna suruali pana ya kitambaa kile kile, chini ina lastiki. Pindo la buibui halipanuliwi pembeni. Nyuma katikati, kuanzia chini ya makalio, naweka mkunjo mkubwa wa ndani, ukisimama umefunga na huonekani kama una kitu, ukikaa kwenye siti unafunguka na kukupa nafasi ya magoti. Mbele ndani ya pindo nashona kitanzi kidogo cha lastiki kila upande, unakipachika kwenye kishikizo cha suruali, basi upepo uvume utakavyo. Kitambaa kiwe na uzito kidogo. Zile krepu nyepesi za kuteleza ziacheni kwa harusini. Ushungi ubanwe pini mbili na ncha zake ziingizwe ndani, mikono iwe na lastiki.

Baiskeli nayo tunaivisha. Bati la kufunika mnyororo lazima liwepo, na gurudumu la nyuma nalifunga kitambaa kigumu pande zote mbili, kutoka kwenye madigadi mpaka karibu na ekseli, nguo isifike kwenye spoki. Hili sikulibuni mimi. Uholanzi, ambako wanawake wanapanda baiskeli mpaka uzeeni, baiskeli nyingi zinauzwa na kinga ya namna hiyo. Wala shida ya nguo si ya Waislamu peke yao. Wanawake wa Kizungu wa karne ya 19 walikuwa na masketi yanayoburura chini, na maneno ya watu waliyapata vilevile. Mwaka 1895 mshonaji mmoja wa Brixton, London, anaitwa Alice Bygrave, alisajili hataza ya sketi yenye kamba zilizopitishwa ndani ya mshono. Mwanamke akipanda baiskeli anazivuta, sketi inapanda. Akishuka anaziachia, inarudi chini kama si yeye. Nilipoisoma habari ya mwanamke yule nilifurahi siku nzima. Mwenzangu kabisa, miaka zaidi ya mia moja nyuma, kakaa na mkasi wake anafikiria jambo lile lile.

Sasa mahari.

Mwali wetu hana baiskeli yake. Alikuwa akiazima ya kaka yake, ya kiume, yenye bomba la juu, na kuipanda na buibui ni mtihani. Mwezi wa Septemba mshenga alikuja kwa posa ya kijana mmoja anayefanya biashara Kayanga, kijana mzuri, mswalihina, hana neno. Shemeji akamwuliza binti yake mahari yake ni nini, kama ilivyo haki yake. Binti akaja kwangu dukani, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akaniambia, "Mama mdogo, nataka msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, na baiskeli ya kike mpya."

Nikamwambia, "Umeshasema?"

"Nisemee wewe kwa baba."

Nikamsemea. Shemeji alinyamaza muda mrefu, kisha akacheka, akasema ampelekee mshenga. Mshenga yeye alicheka zaidi. Lakini majibu kutoka upande wa pili hayakuwa ya kucheka. Shangazi wa bwana harusi, mtu mzima mwenye heshima zake na ambaye ndiye aliyemlea kijana, alileta maneno matatu. La kwanza, mahari ya baiskeli ni kumfanya mtoto wa watu mchuuzi wa ndizi, watu watacheka. La pili, mwanamke wa baiskeli hatulii nyumbani. La tatu hakulisema mbele ya wanaume. Alilinong'ona kwa mama yake mwali: huyo mtoto amepanda baiskeli miaka mingapi, mna hakika yuko kamili?

Nianze na hilo la tatu, kwa sababu najua wanaonisoma wengi ni wali, na hofu hii nimeikuta Unguja vilevile kabla sijaifahamu baiskeli. Yule mama, mke mwenzangu wa ukoo, alikaa siku mbili hali. Kizinda ni kijingozi laini, na wanawake hawakuumbwa nacho sawa; kwa mwengine kinanyumbuka, kwa mwengine ni kidogo tangu kuzaliwa, na kinaweza kuchanika kwa michezo au kuanguka, au kisichanike hata usiku wa harusi. Damu si shahidi. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe duniani, kwa sababu hakuna kipimo kinachoweza kuonesha kama msichana ameingiliwa au la. Na kabla ya hao wote, Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi, ameshataja kuwa bikira ikiondoka bila ya kuingiliwa, kama kwa kuanguka, haibadilishi hukumu ya mwanamwali. Bado ni bikira. Shekhe wetu ndiye aliyetutolea hilo, na nilimwomba aje alisome mbele ya yule mama kwa sauti, akalisoma. Siku ile alikula.

La kwanza lilikuwa jepesi. Mahari ni kitu chochote cha halali chenye thamani au manufaa, na kiasi chake si shani. Sote tunaijua hadithi ya yule sahaba aliyeambiwa atafute hata pete ya chuma, na alipoikosa akaozeshwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Baiskeli mpya nzuri ni ghali kuliko pete ya chuma.

Ni lile la pili lililotukalisha vikao vitatu. Na hapo shekhe wetu alisema jambo ambalo kichwani mwangu halikuwa limekuja. Alisema, "Mnagombana juu ya mahari, na mahari hayana ugomvi. Mtampa baiskeli, itakuwa mali yake. Kisha mtaitundika ukutani. Kumiliki na kupanda ni mambo mawili. Kama binti anataka kupanda, aseme sasa." Akaeleza kuwa maulamaa wamehitilafiana juu ya sharti gani la ndoa linambana mume kisheria na lipi halimbani, lakini ahadi ni ahadi, na Mtume (s.a.w.) ameyatilia mkazo sana masharti ambayo kwayo ndoa imefungwa. Aliye na jambo lake moyoni asiliingize kwenye ndoa limefungwa kwenye leso.

Wali wangu, lisomeni tena hilo. Mimi nawashonea maharusi, na wanapokuja kupimwa wanazungumza. Nimesikia wangapi wanasema, "Nitaendelea na biashara yangu, tukishaoana atakubali." Umemwuliza? "Bado." Shela ameshalichagua mpaka rangi ya ushanga.

Basi upande wa pili wakarudi na jibu lililokuwa la ungwana kwa nusu. Binti atapanda kwenda chuoni kusomesha, na akienda kliniki. Lakini kutoka asubuhi kwenda vilimani na wanawake wenzake, bila ya shida yoyote, kutembea tu? Hapana. Mwanamke anatoka kwa haja.

Shemeji alitaka kukubali, na simlaumu, kwa baba wa biharusi nusu ni nyingi. Mwali mwenyewe alikataa. Kwa adabu, macho chini, lakini alikataa. Alisema kwenda chuoni hata kwa miguu anafika. Anachokitaka ni zile asubuhi. Na mimi nilipotakiwa kusema nilisema kama anavyosema mtu asiye na elimu kubwa: Mwenyezi Mungu katika Suratul Ghashiya ametutaka tutazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa. Hakusema wanaume watazame. Na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na bibi Aisha, alimsimamia akatazama Wahabeshi wakicheza mpaka akatosheka mwenyewe. Ile ilikuwa haja gani? Ilikuwa kumfurahisha mke. Mwanamke akitoka kwa ruhusa, na stara yake, mahali pa amani, na wenzake, mchana kweupe, akarudi anamshukuru Mola wake kwa alichokiona, mimi sioni amekosa haja. Wapo watakaoniona nimezidisha, na kwa hao sina ugomvi.

Nikawaeleza pia kwamba hata Saudia jambo hili limebadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2012 ilitoka filamu ya mwanamke wa Kisaudi, Haifaa al-Mansour, inaitwa Wadjda, ya msichana anayeingia mashindano ya Qur'ani ili apate pesa za kununua baiskeli, na mwaka uliofuata wanawake wakaruhusiwa huko kupanda kwenye bustani, kwa masharti. Hilo halikuwagusa wazee sana. Mzee mmoja aliuliza tu, "Alishinda?" Nikamwambia alishinda. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Aliyeumaliza mjadala ni bwana harusi mwenyewe, ambaye muda wote watu wazima walikuwa wakizungumza juu yake kama hayupo. Alimpigia simu shemeji. Akasema mahari ameyakubali, na kwamba binti atatoka na baiskeli asubuhi mbili kwa wiki na wenzake, na ikiwa ana nafasi siku ya Jumapili atakwenda naye yeye mwenyewe, ila ajue kuwa yeye milimani atasukuma. Mshenga aliyaandika kwenye karatasi, wakatia saini baba na mume mtarajiwa. Nikaah ni katikati ya Disemba, in shaa Allah, senene wakiwa wamepungua na watu wana mikono ya kufanya kazi.

Baiskeli imeshanunuliwa. Iko dukani kwangu pembeni ya cherehani, rangi ya kijani, makaratasi bado yamezungushwa kwenye mabomba. Fundi ameshusha siti kidogo kwa sababu mwali ni mfupi kuliko anavyofikiri, na nimeshamkatia buibui mbili, moja ya kahawia isioneshe udongo. Kinga ya gurudumu nimeishona kwa kipande kilichobaki cha nguo ya harusi ya mama yake, chenye nakshi ndogo, na wateja wanadhani ni ya kuuza.

Shangazi mtu naye alikuja wiki iliyopita kupima nguo yake ya harusi. Nilimkaribisha, nikampa chai ya tangawizi, nikampima. Aliitazama baiskeli, akatazama na upande wa pili, akaniambia, "Mwanangu kashasema, mimi nimekubali. Ila nisimwone akipita mlangoni kwangu." Nikamwambia, "Hutamwona, mama." Jioni tulikaa watatu tukaangalia njia. Nyumba yake iko kwenye mteremko wa kwanza. Tutapita juu, nyuma ya mibuni ya shemeji. Ni mbali zaidi kama nusu saa, na ndiko ukungu unakokaa mpaka saa tatu.